Saa ya Majira Mawili: Historia ya Chombo na Matatizo ya Majina Yake

Katika kazi ya istilahi tumezoea kushughulikia mambo makubwa: sheria, utabibu, benki, umeme na kilimo. Ni nadra mmoja wetu kuketi akaandika juu ya kitu kidogo anachokivaa mkononi. Hata hivyo, safari hii tumeonelea yafaa kuzungumza na wasomaji wetu kuhusu saa ya mkononi, na hasa saa ya aina moja: ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wapiga mbizi, na ambayo, zaidi ya mishale mitatu ya kawaida, ina mshale wa nne unaoonyesha wakati wa mahali pengine duniani. Sisi tunaoandika makala haya tumeivaa saa ya namna hiyo kila siku kwa muda wa miaka minne sasa, na katika miaka hiyo tumegundua kwamba ni rahisi zaidi kuivaa kuliko kuitaja.

Tuliipata kwa kaka yetu mkubwa, aliyekuwa baharia na ambaye alipoacha kazi ya bahari alisema hana haja tena ya kujua huko nje ni saa ngapi. Ni saa nzito ya chuma. Juu ya uso wake kuna pete inayozunguka, yenye alama za dakika 60. Ndani ya kioo, pembezoni mwa uso, kuna mstari wa namba unaoanza 1 hadi 24. Mkanda wake ulikuwa mkubwa kwa mkono wetu, basi tukaenda kwa fundi saa mmoja mzee, Kariakoo, apunguze pingili mbili. Alipomaliza aliigeuza saa kwenye mwanga akauliza:

"Mwanangu, mshale huu wa nne unaufanyia kazi gani?"

"Unaonyesha saa za nchi nyingine, mzee."

"Nchi ipi?"

"Umetegwa kwa saa za Greenwich, Uingereza."

Mzee akacheka. "Basi umevaa saa tatu, si mbili. Maana hata hiyo ya hapa kwetu huisomi kama ilivyoandikwa."

Ukweli wa maneno ya mzee huyo ndio uliotusukuma kuandika. Mtengenezaji wa saa hii alidhani anampa mvaaji jambo jipya, yaani kuhesabu wakati kwa namna mbili kwa mpigo. Lakini Mswahili yeyote aliyewahi kuitazama saa ya ukutani amekuwa akifanya hivyo tangu saa hizo zilipoletwa pwani. Mshale mfupi ukiwa juu ya 9, yeye husema saa tatu. Ukiwa juu ya 2, husema saa nane. Hafanyi hesabu yoyote. Jicho lake limekwisha kuzoea kuvuka uso wa saa na kuichukua namba iliyo upande wa pili, kwa kuwa katika uso wenye namba 12 tofauti ya saa sita ni nusu ya duara kamili.

Asili ya hesabu yetu haina fumbo. Katika nchi zilizo karibu na Ikweta usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima, na jua lenyewe likawa saa ya kutosha. Mchana una saa kumi na mbili, usiku una saa kumi na mbili, na kila upande huhesabiwa kuanzia mwanzo wake. Wenzetu wa Ethiopia nao huhesabu vivyo hivyo. Tena, kwa desturi ya Kiislamu siku huanza jua linapokuchwa, ndiyo maana wazee wa pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" huwa na maana ya usiku ule ambao wengine wangeuita wa Alhamisi. Waarabu waliokuwa na saa za mfukoni walizitia majira kwa magharibi: jua likizama, mishale hurudishwa kwenye kumi na mbili. Saa ya namna hiyo ilihitaji kurekebishwa mara kwa mara, kwa sababu jua halizami kwa wakati ule ule kila siku, lakini mwenyewe hakuona taabu; kwake yeye jua ndilo lililokuwa sahihi, na chombo ndicho kilichokosea.

Mwaka 1883, katika enzi ya Seyyid Barghash, lilijengwa Unguja jumba la Beit al-Ajaib. Mwaka ule uliofuata, mnamo Oktoba 1884, wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, Marekani, kuamua ni wapi dunia itaanzia kuhesabu longitudo zake na saa zake. Greenwich ndiyo iliyochaguliwa. Kutoka Afrika nzima ilikuwako Liberia peke yake. Lakini katika mkutano huo mjumbe wa Dola ya Uturuki, Rustem Effendi, alitoa hoja ambayo ingeweza kutolewa na mtu wa Unguja au Lamu. Alieleza kwamba nchini mwake kuna namna mbili za kuhesabu saa, moja ya Kituruki inayofuata kuzama kwa jua na nyingine ya Kizungu, na kwamba watu wake, wengi wao wakiwa wakulima, wasingeweza kuiacha ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayopanga kazi zao na ibada zao. Hakuna aliyembishia, wakaendelea na shughuli.

Saa za Kizungu hazikungoja ruhusa ya mkutano ili zije kwetu. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879 kutoka Aden, na kila simu iliyopita humo ilikuwa na saa iliyoandikwa juu yake. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, nayo reli haiendeshwi kwa adhana. Katika mwaka ule ule wa 1896, tarehe 27 Agosti, manowari za Kiingereza zilizokuwa bandarini Unguja zilimpa Seyyid Khalid muda wa mwisho wa kuondoka katika jumba la mfalme. Vitabu vya Kiingereza vimeandika muda huo kuwa ni saa 9 asubuhi. Kwa watu wa mjini ilikuwa saa tatu. Mizinga ilianza dakika chache baadaye, na kabla ya saa moja kwisha vita vilikuwa vimekwisha. Mnara uliosimama mbele ya jumba uliharibiwa vibaya, na baadaye mnara wa saa ulijengwa ukaunganishwa na Beit al-Ajaib yenyewe. Ulidumu hapo hadi Desemba 2020, ulipoanguka pamoja na sehemu ya jumba hilo.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba hata hiyo tunayoiita saa ya Afrika Mashariki ni mapatano tu. Kwa miaka mingi Kenya ilitumia tofauti ya saa mbili na nusu kutoka Greenwich, kisha ikatumia saa mbili na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye saa tatu kamili. Dar es Salaam iko karibu na longitudo ya nyuzi 39 mashariki. Kwa kuwa kila nyuzi moja ni dakika nne, jua la Dar es Salaam linaitangulia Greenwich kwa saa mbili na dakika 37 hivi, wala si saa tatu. Kwa hiyo jua la utosini halipigi saa sita kamili bali, kwa wastani, saa sita na dakika 23. Kigoma, iliyo mbali zaidi magharibi, huchelewa nyuma ya Dar es Salaam kwa karibu dakika 40. Mtu wa Kigoma akiambiwa ni saa kumi na mbili asubuhi, nje bado ni giza. Neno "asubuhi" limebaki. Jua limeachwa nyuma.

Ama kuhusu chombo chenyewe, kina wazazi wawili, na wazazi hao hawakujuana.

Mzazi wa kwanza ni saa ya mbizi. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Uingereza John Scott Haldane na wenzake walichapisha majedwali yaliyomwonyesha mpiga mbizi muda anaoweza kukaa chini na hatua za kupanda juu. Sababu ni kwamba kila mita kumi za maji huongeza kanieneo kwa kiasi cha angahewa moja, na chini ya kanieneo hiyo naitrojeni iliyomo katika hewa anayoivuta mpiga mbizi huingia katika damu na nyama za mwili. Akipanda haraka, gesi hiyo hutoka kwa mapovu ndani ya mwili, kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla, na matokeo yake yaweza kuwa maumivu ya viungo, kupooza au kifo. Hapo ndipo dakika zinapokuwa jambo la uhai. Mwaka 1943, Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walitengeneza chombo cha kupumulia kilichomwezesha mtu kuogelea chini ya maji bila ya mpira wa hewa kutoka mashuani. Tangu hapo mpiga mbizi hakuwa tena na mtu juu wa kumhesabia muda. Ilimbidi auvae.

Mwaka 1953 kampuni ya Blancpain ya Uswisi ilitoa saa iliyotumiwa na wapiga mbizi wa jeshi la majini la Ufaransa, ikaitwa Fifty Fathoms. Hapa mtu wa istilahi hawezi kupita bila kusimama, kwa sababu kipimo hicho cha Waingereza tunacho sisi wenyewe, tena hatukukikopa kutoka kwao. Ni pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ambayo wavuvi wetu huhesabia kamba na kina cha maji. Jina la saa hiyo ni "Pima Hamsini", nazo ni kama mita 91. Tumewahi kuona maelezo ya Kiswahili ya saa za namna hii yaliyokiacha kipimo hicho katika Kiingereza, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kutia nanga katika bahari hii.

Jambo kubwa katika saa hizo ni ile pete ya nje. Kabla ya kuzama, mpiga mbizi huizungusha mpaka alama yake ya mwanzo ikabiliane na mshale wa dakika. Baada ya hapo hana haja ya kukumbuka aliingia majini saa ngapi. Namba ya pete iliyo mbele ya mshale humwambia dakika zilizopita. Katika saa za mbizi za siku hizi pete hiyo imefungwa kwa meno ili izunguke upande mmoja tu. Ikigongwa na mwamba au na mtungi wa hewa ikasogea, itasogea upande ule unaoongeza dakika zilizopita, wala si ule unaozipunguza. Mpiga mbizi aliyedanganywa na pete yake atapanda mapema kuliko ilivyolazimu. Atapoteza dakika chache za kutazama samaki, na hilo ndilo hasara yote.

Mzazi wa pili ni saa ya marubani. Katika miaka ya 1950 ndege zilianza kuwavusha watu katika majira matano au sita kwa safari moja, na miili ya marubani ikawa haijui ni usiku au ni mchana. Kampuni ya Glycine ilitoa mwaka 1953 saa yenye uso wa masaa 24. Katikati ya miaka hiyo Rolex ilitoa GMT-Master, iliyovaliwa na marubani wa shirika la ndege la Pan American. Hiyo ndiyo iliyoeneza mtindo wa mshale wa nne, unaozunguka uso mara moja kwa siku nzima na kusomwa katika pete yenye namba 24. Pete hiyo ilipakwa rangi mbili, nyekundu kwa mchana na buluu kwa usiku. Je, ndugu msomaji, rangi hizo zinakutana wapi? Zinakutana kwenye 6 na kwenye 18. Ndiyo kusema, zinakutana saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mchoraji wa Uswisi, aliyetaka tu rubani ajue kama huko nyumbani kwake watu wamelala au wako macho, alichora mpaka wa mchana na usiku pale pale ulipochorwa na wazee wetu.

Kuwaoza wazazi hawa haikuwa rahisi, kwa kuwa wote wawili walidai pete moja. Mpiga mbizi anaitaka ihesabu dakika 60. Msafiri anaitaka ihesabu saa 24. Watengenezaji wengine waliamua kumridhisha msafiri na kumwacha mpiga mbizi. Wengine, kama aliyeitengeneza ya kwetu, waliiacha pete ya nje kwa dakika na kuziingiza namba 24 ndani ya kioo. Uso wake umejaa kiasi kwamba mgeni akiutazama kwa mara ya kwanza hawezi kusema ni saa ngapi. Sisi wenyewe ilituchukua juma zima.

Sasa tugeukie majina, maana ndiko tulikokusudia kufika.

Tatizo la kwanza ni neno "saa" lenyewe. Katika Kiswahili neno hili hubeba mizigo mitatu: kipindi cha dakika 60, wakati unaotajwa, na chombo kinachoonyesha wakati huo. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayepata taabu. Lakini mfasiri mmoja aliyeuita mbele yetu mtambo huu "saa ya saa mbili" aliulizwa papo hapo na karani kama ni ya saa mbili za asubuhi au za usiku. "Saa inayoonyesha saa mbili" ni mbaya zaidi, maana hiyo ni saa yoyote ile, wakati watu wanapokwenda kazini.

Basi tukajaribu "saa ya kanda mbili", kwa kuwa eneo la dunia linalotumia wakati mmoja huitwa na wengi ukanda wa saa. Neno hilo linaeleweka katika ramani. Dukani halieleweki hata kidogo. Ukanda wa saa, kwa muuza saa, ni ule mkanda unaoifunga mkononi, na saa ya kanda mbili ni ile inayouzwa pamoja na mkanda wa akiba. Hatusemi hili kwa mzaha; tulikwenda tukauliza katika maduka matatu, na katika maduka yote matatu tulionyeshwa mikanda.

Ndipo tulipolirudia neno la zamani, majira. Wengi leo hulijua kwa maana ya msimu: majira ya mvua, majira ya mavuno. Lakini lina maana nyingine mbili ambazo zinatufaa. Wazee walisema kutia saa majira, yaani kuirekebisha ili iende na wakati wa mahali. Nao mabaharia husema majira ya chombo kwa maana ya njia kinayoishika baharini. Saa ya majira mawili, kwa hiyo, ni saa iliyotiwa wakati wa mahali pawili, na ndani ya neno hilo kuna wakati, kuna marekebisho, na kuna safari. Tumelipendekeza neno hili bila ya wasiwasi mkubwa. Pingamizi pekee tulilolipokea ni kwamba mtu wa bara atadhani ni saa ya masika na kiangazi. Twaona hatari hiyo ni ndogo kuliko ya mikanda.

Kwa mvaaji wake tulikuwa tumeandika "mzamiaji". Kijana mmoja wa bandarini alitusahihisha kwa heshima. "Mzamiaji, ndugu, ni mtu anayejificha melini asafiri bila ya tiketi." Ni kweli, maana hiyo imeenea kiasi kwamba "saa ya mzamiaji" ingetafsiriwa vingine kabisa. Mpiga mbizi ni jina safi na la zamani, na saa yake iitwe saa ya mbizi. Kwa mishale tuna utajiri: mshale, mkono, na pia akrabu, neno la Kiarabu lenye maana ya nge, ambalo limo katika kamusi zetu ingawa halisikiki mara nyingi midomoni. Hatuoni sababu ya kulifufua kwa lazima. Uso, kioo, kasha na mkanda havina mgogoro. Pete tumeiacha kuwa pete, ijapokuwa mafundi wengi husema ringi.

Neno moja tumelikataa kwa nguvu, nalo ni "saa isiyoingia maji". Hakuna saa ya namna hiyo. Kanuni za kimataifa za saa za mbizi, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1982, zinadai saa ihimili kina cha angalau mita 100, na ijaribiwe kwa kanieneo inayozidi ile iliyoandikwa juu yake kwa asilimia 25. Huko ni kustahimili kwa kiwango fulani, wala si kutoingia maji daima. Mpira mdogo unaoziba ufunguo wa saa huchakaa, na saa iliyostahimili mita 200 mwaka wa kwanza yaweza kunywa maji ya ndoo mwaka wa kumi. Tuseme "inayostahimili maji", kisha tutaje kina.

Tumelifikia jambo ambalo tungependa kuliacha, lakini haki yataka tulieleze. Miaka miwili iliyopita tuliombwa, nje ya kazi zetu za kila siku, kutafsiri mwongozo mfupi wa usalama kwa vijana wanaojifunza upigaji mbizi katika kisiwa kimoja cha pwani yetu. Mwongozo ulikuwa na sentensi moja inayoeleza upande ambao pete ya saa inapaswa kuzunguka. Sisi tukaandika "izunguke kinyume cha saa". Tuliridhika nayo, ni fupi, na ndivyo inavyoandikwa katika vitabu vya ufundi. Rasimu ikapelekwa kisiwani ikasomwe mbele ya wenyewe.

Tulikuwapo siku hiyo. Palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa amepiga mbizi tangu ujana wake, kwanza kwa pumzi yake mwenyewe akitafuta majongoo ya bahari, na baadaye kwa mitungi. Sentensi ile iliposomwa aliinua mkono.

"Mwalimu, kinyume cha saa tunakijua. Kinyume cha mbili ni nane, kinyume cha tatu ni tisa. Sasa pete hii niipeleke kinyume ya saa ipi?"

Vijana walikuwa wakiangaliana. Mmoja alikuwa amekwisha kuielewa hivi: alama ya mwanzo isiwekwe mbele ya mshale wa dakika, bali upande wa pili, kwenye kinyume chake, kama anavyosomewa saa ya ukutani kila siku nyumbani. Kijana huyo angeshuka majini pete yake ikiwa na makosa ya dakika 30, na majedwali yote ya Haldane yasingemsaidia. Hakuwa mjinga. Alikuwa amesoma Kiswahili chetu kwa jicho lile lile ambalo Waswahili wote husomea saa, nasi tulioandika tulikuwa tumesahau kwamba jicho hilo lipo.

Tuliomba radhi, tukafuta. Mzee yule ndiye aliyetoa maneno yaliyochukua mahali pake: "pete irudi kutoka 12 kwenda 11". Hayana istilahi ndani yake. Kila mtu aliyekuwapo aliichukua saa ya jirani yake akaizungusha, na wote waliizungusha upande mmoja. Tangu hapo, katika kila andiko linalohusu usalama, tumekuwa tukipendekeza kwamba upande wa kuzunguka utajwe kwa namba zinazoonekana juu ya uso, wala usitajwe kwa neno "kinyume". Katika vitabu vya hisabati na ufundi mitambo neno hilo halina madhara na laweza kubaki.

Hali kadhalika uandishi wa saa katika barua. Tumewahi kupokea mwaliko ulioandikwa "saa 8:00" bila ya neno lolote mbele yake. Uliandikwa kwa Kiswahili, basi tukaenda saa nane mchana, tukakuta viti vinakusanywa. Aliyeandika alikuwa amenakili kutoka simu yake, na simu yake haijui Kiswahili. Maadamu vyombo vyote tunavyovishika vinaonyesha hesabu moja na vinywa vyetu vinasema nyingine, neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku si pambo. Anayeandika "saa 2:00 asubuhi" ameandika Kiswahili. Anayeandika "saa 8:00" peke yake amewaachia wasomaji wapige kura.

Tumejaribu pia kuufanya mshale wa nne useme Kiswahili. Tuliurudisha nyuma saa sita, ili asubuhi, wakati mshale mfupi uko juu ya 7, wenyewe uwe juu ya 1. Mchana kutwa mambo yalikwenda vema, na tulitamba nao ofisini. Jioni ulipofika kwenye 13 ndipo tulipotambua kosa. Hakuna saa kumi na tatu katika Kiswahili cha kusemwa. Ilipofika alfajiri ukawa juu ya 24, na pale sisi tunasema kumi na mbili. Hesabu ya namba 24 ni ya mtu anayeiona siku kuwa ni kipande kimoja. Kwetu siku ina vipande viwili, kila kimoja na mwanzo wake, na mshale mmoja hauwezi kuanza mara mbili katika mzunguko mmoja.

Kwa hiyo tumeurudisha kwenye saa za Greenwich, na hapo tumegundua hila ndogo inayotufurahisha kila siku. Kutoka Greenwich tunaongeza tatu ili kupata saa iliyoandikwa ukutani, na tunatoa tatu ili kupata saa tunayoisema. Greenwich ikiwa 6, ukuta wa ofisi unaonyesha 9, nasi twasema saa tatu. Ikiwa 12, ukuta unaonyesha 3, nasi twasema saa tisa. Mshale wa nne unakaa katikati ya hesabu zetu mbili, kila moja ikiwa mbali nao kwa saa tatu.

Orodha ya maneno haya imekwisha kuwasilishwa kwa wajumbe: saa ya mbizi, saa ya majira mawili, pete ya dakika, kustahimili maji. Mshale wa nne bado hauna jina lililokubaliwa. Yametolewa mapendekezo mawili, "mshale wa ugenini" na "mshale wa siku", na wajumbe wamegawanyika. Wanaopenda la kwanza hutazama kazi ya mshale huo. Wanaopenda la pili hutazama mwendo wake wa mzunguko mmoja kwa siku nzima. Wasomaji wenye la tatu watuletee kabla ya kikao kijacho, kitakachoanza saa 3:00 asubuhi.